Mbao nne kwenye utoro: uchambuzi wa kisa cha bwawa la udongo lililogeuzwa mahali pa mapumziko

Niliitwa nikashauri mahali pa kufunga kamba za waogeleaji na kusimika vibao vya onyo. Ilikuwa kazi ya nusu siku, nikaishia kukaa siku tisa. Majina, mahali na miaka nimeviondoa, na vipimo vingine nimevikadiria. Mwenye bwawa ameridhia kisa chake kiandikwe kwa masharti hayo. Mimi ni mhandisi wa maji. Yaliyotokea kabla sijafika nimeyapata kwa mmiliki na kwa mlinzi wa bwawa, na pale maelezo yao yalipotofautiana nimemfuata mlinzi, kwa sababu utakazoziona.

## Usuli

Bwawa ni dogo. Tuta la udongo lenye urefu wa mita 110 na kimo cha mita 6 limeziba bonde la kijito. Likijaa, maji hutanda hekta 1.8 na kufikia mita za ujazo zipatazo 36,000. Lilijengwa na baba wa mmiliki wa sasa kwa ajili ya kumwagilia na kunyweshea mifugo, na kwa miaka mingi halikuwa na kazi nyingine.

Tume ya Kimataifa ya Mabwawa Makubwa huliita bwawa kubwa lile lenye kimo cha mita 15 au zaidi, au lenye mita 5 hadi 15 likiwa limebeba zaidi ya mita za ujazo milioni 3. Hili letu halikaribii hapo. Mabwawa ya ukubwa huu mara nyingi hayamo kwenye rejista yoyote, hayana mkaguzi wala michoro, na anayeyafahamu ni yule anayeyazunguka kila siku. Hata hivyo mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Tani 36,000 zilikuwa zimesimama juu ya nyumba tano zilizo mita 600 chini ya bonde, na juu ya barabara inayovuka kijito kwa kalavati.

Kwa asiyezoea mambo haya: tuta la udongo halizuii maji yasipenye kabisa. Linayachelewesha, linayapunguza nguvu, kisha linayaachia kidogo kidogo bila kupoteza udongo wake. Na halivumilii maji kupita juu yake. Ukuta wa zege unaweza kumwagikiwa na ukasimama. Tuta la udongo likimwagikiwa, maji huanza kuchimba upande mkavu kutoka chini kwenda juu, na kinachofuata huweza kumalizika kwa saa chache. Ndiyo maana pembeni, kwenye ardhi asilia, huchimbwa utoro wa maji: mfereji mpana unaopitisha maji ya ziada bwawa likijaa. Utoro wa bwawa hili ulikuwa na upana wa mita 8, na kizingiti chake kilikuwa mita 1 chini ya mgongo wa tuta. Chini kabisa ya tuta lilipita bomba la chuma lenye valvu, la kutolea maji ya umwagiliaji.

## Starehe zilivyoongezeka

Mmiliki aliporithi shamba, umwagiliaji ulikuwa umehamia kwenye kisima. Bwawa likabaki na ndege na utulivu wake. Akaanza kuwaalika marafiki, marafiki wakaleta marafiki, na baada ya miaka michache likawa mahali pa watu kulipa na kuingia: kuvua samaki kwa ndoano, kupiga makasia, kukaa kivulini.

Hakuna siku aliyoamua kuliharibu tuta. Kila alichofanya kilikuwa na sababu ya kueleweka. Alipanda miti upande mkavu ili wageni wapate kivuli. Mti mmoja ulipozuia nafasi ya kujenga banda, akaukata, shina likaachwa ardhini. Alipandikiza samaki, na walipoanza kutoroka wakati wa mafuriko akaweka wavu wa nailoni kwenye fremu ya vyuma, umezuia utoro wote. Alijenga daraja dogo la miguu juu ya utoro, na nguzo zake mbili zikasimama katikati ya maji. Magari ya wageni yaliruhusiwa kupita juu ya tuta kwenda ng'ambo, ambako mandhari ni nzuri zaidi, na kwa miaka kadhaa magurudumu yakaushusha mgongo wa tuta sentimita 20 sehemu ya katikati. Hakuna aliyeona kwa macho. Sentimita 20 ndani ya mita 110 hazionekani.

Mwisho zikaja mbao. Kiangazi maji yalipungua, ukingo ukabaki tope, na wageni wakalalamika. Mmiliki akaweka mbao nne kwenye kizingiti cha utoro, kila moja na kimo cha sentimita 10, moja juu ya nyingine. Bwawa likapanda sentimita 40. Kwa hekta 1.8 hiyo ni mita za ujazo 7,200 zaidi, na maji yalibaki yamefika kwenye nyasi hadi mwisho wa kiangazi. Wageni walifurahi.

Hapa lazima nikiri. Miaka miwili kabla ya kuitwa nilifika pale kama mgeni. Nilikaa chini ya ile miti alasiri nzima, nikavuka lile daraja mara mbili, na sikuona kitu. Nilikuwa likizo, na macho yangu nayo yalikuwa likizo.

## Siku ya mvulana na wavu

Usiku ilinyesha mvua kubwa. Asubuhi maji yalikuwa yanapita juu ya mbao kwa kina cha sentimita 15 hivi. Wavulana watatu wa familia moja walichukua rafu ya mapipa, ambayo haikuwa na kamba wala mtu mzima. Katikati ya bwawa maji yalionekana yametulia. Karibu na utoro hayakuwa hivyo. Rafu ikavutwa, ikagonga nguzo ya daraja, wawili wakashika mbao za daraja, wa tatu akateleza chini na kubandikwa kwenye wavu.

Wanaolisikia hili huuliza: angezamaje kwenye maji yasiyofika kiunoni? Maji yanayopita kwenye kizuizi hayahitaji kina. Yanahitaji mwendo tu. Yakishakubana kwenye wavu uliojaa majani, kila unachofanya kujinyanyua kinakupa uso mkubwa zaidi wa kusukumwa. Mlinzi alifika kwa mbio, akaukata wavu kwa panga kutoka upande wa chini, mvulana akapita pamoja na maji na kudakwa kwenye nyasi. Alikuwa amekunywa maji mengi na amechubuka kifua. Alilala hospitali usiku mmoja akarudi nyumbani.

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 300,000 walikufa kwa kuzama mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Huyu alikuwa na miaka kumi na miwili na alijua kuogelea.

Siku ya pili mmiliki akanipigia simu.

## Nilichokuta

Nilianzia kwenye utoro kwa sababu ndiko ajali ilikotokea. Nilipoona mbao nilimuuliza mmiliki ziko pale tangu lini. "Miaka mitatu, Injinia. Lakini hizo hazina neno, mimi nimekuita kwa ajili ya watoto, si kwa ajili ya tuta."

Nilipima kwa rula ya maji na darubini ya usawa, kisha nikakaa kwenye ngazi za banda na kalamu. Hesabu ni rahisi na inafaa kila mwenye bwawa aione. Ukipima kwa mita, maji yanayopita juu ya kizingiti kipana, kwa mita za ujazo kwa sekunde, hukadiriwa kwa kuzidisha 1.7 kwa upana wa kizingiti, kisha kwa kina cha maji kilichopandishwa kwenye kipeo cha moja na nusu. Utoro ulipojengwa, ukiacha sentimita 30 za akiba chini ya mgongo wa tuta, kina kinachoruhusiwa kilikuwa sentimita 70. Hapo unapitisha karibu lita 8,000 kwa sekunde. Mbao zilipokata sentimita 40, kina kikabaki sentimita 30, na uwezo ukashuka hadi lita 2,200. Ukitoa na zile sentimita 20 za mgongo uliobonyea, kinabaki sentimita 10 tu, yaani lita 430 kwa sekunde. Kutoka 8,000 hadi 430, na wavu uliojaa majani haujahesabiwa.

Hesabu hii ndiyo iliyomnyamazisha mmiliki. Alitarajia kwamba kupunguza kina kwa zaidi ya nusu kungepunguza uwezo kwa zaidi ya nusu kidogo. Kwa utoro, kina kikipungua, uwezo huanguka kwa kasi kuliko kina.

Kisha mlinzi akanivuta pembeni. "Mzee, njoo uone kitu kingine, ila usimwambie bosi kwamba nimekuleta mimi." Akanipeleka kwenye mguu wa tuta upande mkavu, nyuma ya banda. Palikuwa na sehemu yenye unyevu ya upana wa mkeka, nyasi zake kijani kibichi kuliko jirani zake, na katikati tundu dogo linalotoa maji. Aliwahi kuripoti mara tatu. Mara ya kwanza aliambiwa ni maji ya kuoshea vyombo ya bandani. Mara ya pili, umande. Mara ya tatu hakujibiwa.

Tulichimba kifereji, tukaweka kipande cha bomba, tukapima kwa ndoo na saa: lita 12 kwa dakika. Kiasi hicho peke yake hakikunitisha. Kuna matuta mazuri yanayovuja zaidi ya hapo kwa miaka mingi. Swali lilikuwa maji yanatoka na nini. Nikajaza chupa ya kioo, tukaiweka mezani bila kuitikisa hadi asubuhi. Asubuhi chini ya chupa palikuwa na tabaka la udongo laini, unene wa ukucha.

Maji safi yanayovuja ni jambo la kuandika daftarini. Maji yanayotoka na udongo yana maana kwamba tuta linaliwa kutoka ndani. Kila chembe inayotoka inapanua njia, njia pana huleta maji yenye nguvu zaidi, na handaki hukua kuelekea kwenye bwawa hadi vikutane.

## Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza niliufanya kabla ya matokeo ya chupa: bwawa lifungwe kwa wageni na magari yasipite juu ya tuta. Mmiliki alikubali upesi la wageni kwa sababu ya mvulana. La magari lilimsumbua, kwani watu wake wa ng'ambo hawakuwa na njia nyingine. Walitembea.

Pili, mbao zitoke. Kishawishi kilikuwa kuzing'oa zote nne kwa mara moja, na vijana wa shamba walikwisha shika nyundo. Nilikataa. Mita za ujazo 7,200 zikiachwa kwa mkupuo mmoja zingeweza kumkuta mtu anavuka kijito huko chini bila onyo, na zingekwangua mkondo wa utoro ambao haukuwa na mawe. Tulitoa mbili siku ya kwanza, mbili siku ya pili.

Tatu, maji yashushwe mita 1.5 chini ya kizingiti. Shinikizo kwenye mvujo hutegemea kimo cha maji, hivyo kulishusha bwawa ndiko kununua muda. Lakini nako kuna mpaka wake. Upande wa maji wa tuta umeloa na umeegemea maji yenyewe. Ukiyaondoa haraka, udongo ulioshiba maji unabaki hauna egemeo, na unaweza kuporomokea ndani. Tulikubaliana tusizidi sentimita 30 kwa siku.

Hapo tukagundua valvu ya bomba la chini haizunguki. Haikuguswa tangu kisima kichimbwe. Kijana mmoja alitaka kuongeza bomba la chuma kwenye usukani wake apate nguvu, nikamzuia: valvu ikivunjika ikiwa nusu wazi, una tundu usiloweza kulifunga chini ya mita tano za maji. Tukatandika bomba la milimita 150 juu ya tuta, tukalijaza maji na kuliachia lijivute lenyewe, mtindo wa mpira wa kunyonyea mafuta kwenye tangi. Lilitoa karibu mita za ujazo 4,800 kwa siku. Ukitoa kilichoingia kutoka kijitoni, bwawa lilishuka sentimita 22 hivi kila siku. Siku saba.

Nne, na hapa ndipo tulipobishana zaidi: mvujo usizibwe. Mmiliki alishaleta saruji. Kwa jicho la kawaida ni jambo la akili, tundu linatoa maji, lizibe. Lakini ukiziba mdomo, njia iliyo ndani haijazibika. Maji yanajikusanya nyuma ya kizibo, shinikizo linapanda ndani ya udongo, na yanatafuta mlango mwingine, pengine mahali usipoona. Tulifanya kinyume chake. Tukaweka mchanga safi juu ya tundu na kulizunguka, juu ya mchanga kokoto, juu ya kokoto mawe. Maji yanapita, udongo unabaki, na uzito wa mawe unakandamiza mguu wa tuta. Jioni ile chupa ya pili ilitoa tabaka jembamba kuliko la kwanza. Siku ya tano chupa ilikuwa safi na ndoo ilionyesha lita 3 kwa dakika.

Tano, watu wa nyumba za chini waambiwe. Uamuzi huu ulichelewa, nami nitaurudia.

## Shina lilikuwa limekuwa bomba

Maji yaliposhuka tulichimba. Shina la mti uliokatwa kwa ajili ya banda lilikuwa limeoza kabisa, na mzizi wake mmoja, unene wa kifundo cha mkono, ulikuwa umebaki ganda tupu linaloelekea ndani ya tuta. Maji yalikuwa yameupata.

Wengi wanajua kwamba miti kwenye tuta ni mibaya. Ila wakishajua, wanakimbilia msumeno, na mti mkubwa uliokatwa ukaachwa shina unaweza kuwa mbaya kuliko uliosimama. Mzizi hai unajaza tundu lake, mzizi mfu unaliacha. Miti mitano iliyobaki tulipanga kuiondoa mmoja mmoja, bwawa likiwa chini, shina na mizizi minene iking'olewa, na shimo kujazwa udongo wa aina ileile kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka likishindiliwa kabla ya lingine. Kazi hiyo ilichukua miezi, si siku zile tisa.

## Matokeo

Mgongo wa tuta ulirudishwa kwenye usawa wake, ukawekewa kizuizi cha magari. Daraja lilijengwa upya bila nguzo ndani ya utoro. Wavu haukurudi. Badala yake, mita 15 kabla ya utoro kuna mnyororo wa magogo yanayoelea, umefungwa ng'ambo hadi ng'ambo. Unazuia matawi, na unampa mtu aliyevutwa na maji kitu cha kushika. Samaki wanapita chini yake na wengine wanakwenda zao. Mmiliki amejifunza kuwahesabu kama sehemu ya gharama.

Kuogelea kumebaki kona moja tu ya bwawa, mbali na utoro na bomba, ambako chini pamemwagwa kokoto na kamba yenye maboya inaonyesha mwisho wa kina cha kifua. Kwingine ukingo ni tope linaloteleza na unashuka ghafla, hatua mbili kutoka gotini hadi juu ya kichwa. Hakuna anayepanda chombo bila jaketi okozi. Vibao vya onyo, ambavyo ndivyo nilivyoitiwa, vipo pia. Havisomwi sana.

Mapato ya msimu mmoja yalipotea yote.

Msimu wa mvua uliofuata kijito kilifurika. Mlinzi alisoma rula usiku kwa tochi: sentimita 45 juu ya kizingiti, yaani karibu lita 4,100 kwa sekunde. Kama mbao zingekuwa bado pale, ili maji hayohayo yapite uso wa bwawa ungehitaji kufika sentimita 85 juu ya kizingiti cha asili. Sehemu iliyobonyea ya mgongo ilikuwa sentimita 80. Maji yangekuwa juu ya tuta, usiku, na nyumba tano ziko usingizini.

## Uchambuzi

Kilichoniganda akilini ni kwamba hatari mbili zilitoka kwenye kifaa kimoja. Wavu uliombana mvulana ndio uleule uliokuwa unaziba utoro. Nguzo iliyopasua rafu ndiyo iliyokusanya majani. Tumezoea kugawa kazi: usalama wa waogeleaji ni wa mwenye maboya na filimbi, usalama wa tuta ni wa mhandisi. Kwenye bwawa dogo la starehe mgawanyo huo haufai. Kila kinachoongezwa ili mgeni afurahi kiulizwe kinafanya nini kwa mtu aliye majini, na kinafanya nini kwa maji yanayotaka kutoka.

Na si jambo geni. Tarehe 31 Mei 1889 bwawa la udongo la South Fork huko Pennsylvania, Marekani, lilipasuka na kuua zaidi ya watu 2,200, wengi wao katika mji wa Johnstown. Lilijengwa kwa ajili ya mfereji wa usafirishaji, baadaye likawa mali ya klabu ya matajiri waliotaka ziwa la kuvulia samaki. Mabomba ya kutolea maji yalikwisha kung'olewa na mmiliki aliyekuwapo kabla ya klabu. Klabu iliushusha mgongo wa tuta ili magari ya farasi yapishane, na ikaweka nyavu kwenye utoro ili samaki wasitoroke. Nilipomsomea mmiliki wetu orodha hiyo alidhani ninamtania. Bwawa la Kelly Barnes, katika jimbo la Georgia, Marekani, lilikuwa limeacha kuzalisha umeme na kubaki ziwa la mapumziko lilipobomoka Novemba 1977 na kuua watu 39. Na Mei 2018, Solai nchini Kenya, bwawa la shamba binafsi lilipasuka usiku na watu zaidi ya 40 wakafa. Hayo yote yalikuwa makubwa kuliko letu. Lakini waliokufa walikuwa chini ya bonde, si wenye bwawa, na hilo halitegemei ukubwa.

Kilichofaulu kwanza ni mlinzi. Alikuwa ameona kila kitu: unyevu, mbao, majani kwenye wavu, hata mgongo uliobonyea aliujua kwa sababu madimbwi husimama hapo baada ya mvua. Hakukosa macho, alikosa mahali pa kupeleka anachokiona. Mabadiliko yaliyogharimu kidogo kuliko yote yalikuwa daftari. Kila Jumatatu anaandika usawa wa maji, lita za mvujo kwa dakika, rangi ya chupa, na lolote jipya, kisha anapiga picha ukurasa na kuutuma kwa mmiliki na kwangu. Sasa bosi hawezi kusema ni umande, kwa kuwa kuna namba ya wiki iliyopita karibu yake.

Kushusha maji taratibu kulifaulu pia, ingawa sitaki kujisifu. Kijito kilikuwa na maji kidogo. Ingekuwa katikati ya masika, bomba moja la milimita 150 lingekuwa mchezo wa mtoto, na valvu iliyoganda ingekuwa ndiyo habari kuu ya kisa hiki. Bwawa lisiloweza kushushwa kwa hiari ya mwenyewe ni bwawa ambalo huna mamlaka nalo.

Kosa langu ni nyumba tano. Siku ya kwanza mmiliki aliniomba tusiwaambie mpaka tuwe na uhakika. "Tutawatia watu hofu bure, na kesho watanishitaki." Nilikubali. Nilijiambia nasubiri chupa. Tuliwaendea siku ya pili mchana, mbao mbili zikiwa zimeshatolewa. Kwa muda wa usiku mmoja kuna watoto walilala chini ya tuta ambalo mimi nilikuwa na shaka nalo na wazazi wao hawakuwa na habari. Hawakupata madhara, lakini uamuzi haupimwi kwa hilo. Mwenye nyumba ya kwanza alituuliza swali moja tu: "Mlijua lini?" Nilimjibu ukweli, na hakunipa mkono tulipoagana.

Hofu ya mmiliki ya kushitakiwa ilikuwa na msingi, ila ilielekea upande usio sahihi. Mwaka 1868, katika shauri la Rylands na Fletcher, Bunge la Malodi la Uingereza liliamua kwamba mtu anayekusanya kwenye ardhi yake kitu kinachoweza kuleta madhara kikitoroka atawajibika kikitoroka, hata kama hakuzembea mwenyewe. Kitu chenyewe kilikuwa maji ya bwawa la kinu yaliyofurika mgodi wa jirani. Nchi nyingi zilizorithi sheria ya Uingereza bado zinalifuata au zimelirekebisha. Kumficha jirani hakupunguzi wajibu huo hata chembe.

Kuhusu waogeleaji tulifaulu nusu. Jaketi zinavaliwa kwa sababu bila jaketi hupewi kasia. Kamba inaheshimiwa mlinzi akiwepo. Lakini vijana wa jirani huingia jioni kwa upande wa juu usio na uzio, na wanajirusha kutoka kwenye jiwe. Tulizungumza na shule yao, tukazungumza na wazazi. Niliwahi kupendekeza uzio mzima, mmiliki akaniuliza kama nimewahi kuona uzio uliomzuia kijana wa miaka kumi na mitano. Tuliweka boya la kuokolea na kamba kwenye nguzo karibu na lile jiwe, maana hapo ndipo watakapokuwa, tukipenda tusipende.

## Yaliyobaki

Valvu ya chini bado haizunguki. Kuibadilisha kunahitaji kulikausha bwawa lote, na mmiliki ameomba apewe misimu miwili akusanye fedha. Bomba la kunyonyea limebaki juu ya tuta, limefungwa tayari, na kila baada ya miezi mitatu mlinzi analijaribu kwa nusu saa.

Kila kiangazi, ukingo unapoanza kuonyesha tope, mmiliki hunitumia ujumbe. Mwaka huu aliandika: "Injinia, mbao moja tu. Sentimita kumi." Nikamrudishia hesabu: mbao moja, kutoka lita 8,000 hadi 6,300 kwa sekunde. Alama za kusoma zimetokea, jibu bado.